Mji Uliopandwa Maharage

Nge! Kimya kidogo. Nge! Mtu anashusha pumzi, anatema mate viganjani, anainua nyundo tena. Nge!

Mlio ule ninao mpaka leo. Ilikuwa nyundo kubwa ikigonga nondo ya chuma, na nondo inazama ardhini kidogo kidogo, pembeni kabisa ya mafiga ya shangazi yangu. Kila pigo likishuka, sufuria ya chai ilitetemeka na kifuniko chake kikagonga meno. Shangazi alikuwa ameishika kwa kitambaa, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemshikilia mtoto anayechomwa sindano.

"Bwana mpima," akasema, "nchi yote hii ilivyo kubwa, chuma chako hakikuona pa kukaa isipokuwa kwenye chai yangu?"

"Mji lazima uanzie mahali, mama," akajibu yule bwana, huku akijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Na mimi nikiuanzishia kule kwenye miiba, chai nani ataniletea?"

Basi mji wetu ulianzia hapo. Wengine wanasema ulianzia ofisini mkoani, wengine wanasema ulianza siku alipokuja mgeni mkubwa na watoto wa shule wakaimba. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimenya viazi, na nasema ulianzia kwenye majivu.

Kabla ya hapo palikuwa njia panda tu. Barabara ya kutoka Mbinga inapanda mgongo wa mlima, ikifika juu inagawanyika. Moja inateremka ziwani, nyingine inazungukia vijijini kwenye mashamba ya kahawa. Palikuwa na mashine ya kusaga, kigango cha kanisa, duka la mzee mmoja aliyetoka pwani, na banda la shangazi. Zamani kahawa ilinunuliwa na ushirika peke yake, na lori la ushirika lilikuja lilipojisikia. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachwa huru. Wanunuzi wakaanza kuja na malori yao, kila mmoja anasema bei yake ni nzuri kuliko ya mwenzake. Mitumba ikaja. Akina mama wa ziwani wakaanza kupandisha usipa, visamaki vyao vya ziwani vilivyokaushwa, na wote hao walikutana pale juu, na wote walikuwa na njaa. Shangazi akawa na chai, viazi na maandazi. Serikali nayo ikaja kutazama, ikasema hapa patakuwa mji.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kumsaidia shangazi na kuota ndoto mchana. Niliota ghorofa. Sikuwahi kuona ghorofa kwa macho yangu, kwa hiyo nilikuwa nawasumbua madereva.

"Kaka, ni kweli Songea kuna nyumba juu ya nyumba?"

"Zipo."

"Sasa yule wa juu akitaka maji?"

"Anafungua bomba."

"Na yule wa chini hasikii kama anakanyagwa kichwani?"

Dereva alikuwa anamwambia shangazi, "Mama, huyu mpelekeni mjini kabla hajatumaliza." Na shangazi anajibu, "Wa nini? Mji unakuja wenyewe."

Shangazi yangu ni dada wa baba. Aliolewa Litumbandyosi, mume akafariki, akarudi kwa kaka yake akiwa na sufuria, mwiko na kicheko chake. Kwetu mashamba wanapewa watoto wa kiume. Binti akirudi hafukuzwi, hapana, anakaribishwa vizuri, anapewa jembe na kuonyeshwa shamba la kaka yake. Usiku shangazi alilala jikoni kwetu, na mama yangu akiwahi kuamka alikuwa anamruka ili awashe moto. Lile banda la nyasi pale njia panda ndilo lililokuwa lake. Mlango wake ulikuwa gunia, lakini jioni alikuwa analifunga kwa kamba, anafunga mafundo mengi, halafu anarudi nyuma kidogo kulitazama.

Ndiyo maana siku ile ya mkutano sitaisahau.

Bwana mpima alitundika ramani ya mji kwenye ukuta wa kigango. Tukasogea wote. Lo, ilikuwa nzuri! Mistari iliyonyooka, visanduku vya njano, visanduku vyekundu, na rangi ya samawati mahali ambapo sisi tulipajua kama dimbwi la mavi ya ng'ombe. Alikuwa ameichora yeye mwenyewe, na alikuwa anaigusa kwa ncha ya kalamu taratibu, kama anaogopa kuiamsha. Pale katikati, njia panda penyewe, palikuwa kijani kitupu.

"Na hili la kijani?" shangazi akauliza.

"Hiyo ni bustani, mama."

"Ya mboga?"

"Hapana. Bustani ya mapumziko. Watu wanakuja jioni, wanakaa."

"Wanakaa wanafanya nini?"

"Wanakaa tu. Wanatazama majani."

Watu wakatazamana. Baba yangu, ambaye si mtu wa maneno, akanyoosha mkono. "Mimi majani nimeyatazama tangu nizaliwe," akasema, "na bado sijayamaliza."

Hapo vicheko vikaanza. Bibi mmoja jirani yetu, mwenye jembe zuri kuliko wote pale kijijini, akataka kujua hayo majani atayalima nani.

"Hayalimwi, bibi. Yanakatwa tu, yawe mafupi."

"Yakishakatwa?"

"Yanaachwa yaote tena."

Bibi akajishika kichwa. "Jamani! Serikali inataka kufuga majani!"

Mwenyekiti wa kijiji akagonga meza mpaka watu wakanyamaza, ila mabega yake mwenyewe yalikuwa yanatikisika. Ndipo shangazi akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo, "Na banda langu liko wapi humo kwenye picha?"

Bwana mpima akaitazama ramani. Akavitazama viatu vyake.

"Liko kijani, mama."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akakohoa, akaeleza kwamba mji ukishapimwa banda litaondolewa, na viwanja vya biashara vitapewa wenye uwezo wa kujenga kwa tofali na bati. Shangazi akasema, "Nimeelewa," akajifunga kanga vizuri, akaondoka kwenda kukanda unga wake.

Kesho yake alimpelekea bwana mpima chai kama kawaida. Sukari tu ndiyo aliyopunguza.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu sisi watu wa milimani, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea. Sisi tunalima ngoro. Mlima wetu umesimama kama ukuta, ukilima ovyo mvua ya kwanza inakuteremshia shamba lote mtoni. Kwa hiyo mvua zinapoelekea mwisho, wanaume wanafyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari, huku na huku, yanakuwa visanduku visanduku mlima mzima. Yakishakauka, wanawake wanaingia na majembe. Wanachimba udongo katikati ya kila kisanduku, wanaurushia juu ya majani mpaka yafunikwe, na juu ya tuta hilo wanapanda maharage. Katikati linabaki shimo la kushika maji. Mwanaume akilaza, mwanamke anafukia. Majani yakilazwa yakakaa bila kufukiwa, watu wanaanza kuuliza mke wa pale ana nini, anaumwa au amerudi kwao?

Bwana mpima hakuyajua hayo. Alitokea mbali, kwenye nchi tambarare. Aliwaajiri wanaume wa kijijini, baba yangu akiwemo, akawaambia, "Fyekeni pote, niione ardhi." Wakafyeka. Na kwa kuwa majani yaliyofyekwa lazima yawekwe mahali, mikono yao ikayaweka kama ilivyozoea. Yule bwana alipanda juu ya jiwe akatazama mlima wote umepangwa mistari, akafurahi sana.

"Nimefanya kazi mikoa mingi," akamwambia baba, "sijaona watu wanaofyeka kwa ustaarabu namna hii."

"Ndiyo, bwana," akasema baba.

Halafu akachomeka vigingi vyake vya miti, vichwa vimepakwa rangi nyekundu: hapa mtaa, hapa soko, hapa kiwanja. Akaingia kwenye gari kwenda Songea kuleta saruji ya bikoni, yale mawe ya mipaka. Alisema atarudi mara moja. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika huko chini, na bwana mpima akabaki huko na saruji yake.

Na mimi sikuwepo. Shangazi alikuwa amenituma Liuli kununua usipa, na mvua hiyo hiyo ikanikwamisha ziwani. Nilikaa kwa mama mmoja muuza samaki, mteja wetu wa chai, ambaye alinicheka kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa sababu nilikuwa nachota maji ya ziwa kwa kunyoosha mkono na kufumba macho.

"Ninyi watu wa juu mnayaogopa maji kama paka!" alikuwa anasema. "Ingia, binti, hayaumi!"

"Naogopa mawimbi, mama."

"Mlima wenu ukishuka na mvua hamuogopi, kijiwimbi hiki ndiyo mnaogopa?"

Nilimweleza habari za mji wetu, mitaa na bustani. Kuhusu bustani akafikiri, akasema yeye huwa anakaa kutazama maji, lakini ni kwa sababu mume wake yumo ndani yake anavua.

Barabara ilipopona nikapanda lori na gunia langu la usipa. Tulipokata kona ya mwisho nikainuka ili niuone mji wangu. Nikasugua macho. Mlima wote, kuanzia kigango mpaka mashine, ulikuwa matuta ya udongo mweusi yaliyolimwa vizuri, mashimo yamejipanga kama masega ya asali, na wanawake wako mwishoni kabisa wanamalizia, wanaimba.

Nikaruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama vizuri.

"Jamani! Nani amewaambia mlime mji?"

"Mji gani?" akauliza yule bibi jirani, bila kuacha jembe.

"Huu! Huu mliosimama ndani yake! Hapo ulipo bibi, hapo ni barabara!"

Bibi akatazama miguu yake. "Hapa ni maharage," akasema.

"Lakini si mliona ramani?"

"Ramani tuliiona ukutani. Huku tuliona majani. Yamelazwa, yamekauka, siku zinakwenda, hakuna mwanamke aliyetokea. Tukaulizana, ni ya nani? Wanaume wakasema, tumemfyekea yule bwana mpima. Basi! Maskini, mtoto wa watu, yuko peke yake huku, amelaziwa majani yote haya na hana mke wa kuyafukia. Tukaona aibu. Tukaalikana."

"Na vigingi? Vile vyenye rangi?"

"Vilikuwa vinatusumbua. Tumeving'oa tukavirudisha hapo hapo, karibu karibu."

Nilipokwenda bandani nilikuta kigingi kimoja kinakoroga uji. Shangazi alikuwa anawapikia wakulima.

"Shangazi," nikamwambia, "wewe ramani uliijua."

"Mimi nilipika uji tu."

"Hukuwaambia?"

"Walikuwa wanaimba, mwanangu. Mtu anayeimba utamkatiza vipi?"

Nikamtazama usoni. Uso wake ulikuwa mpole kama wa sanamu ya kanisani, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa kidogo.

Bwana mpima aliporudi, maharage yalikuwa yameshatoa majani mawili mawili. Alishuka garini, akasimama. Alisimama muda mrefu mpaka dereva akazima injini. Watu wakawa wanatokea mmoja mmoja kumtazama akitazama.

"Mwenyekiti," akasema hatimaye, "mji wangu uko wapi?"

"Upo, bwana," akasema mwenyekiti. "Upo hapo chini ya maharage."

Yule bibi jirani akaja na jembe lake begani, anatabasamu. Bwana mpima, pamoja na yote, alikuwa amelelewa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumekulimia. Usitushukuru, ni kawaida yetu. Na ukipata mke umlete, tumwonyeshe."

Yule bwana akakaa kwenye ukingo wa shimo moja, pale palipotakiwa pawe posta. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi, moyo wangu mwepesi, nikadhani analia, nikataka kukimbilia kumletea maji. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na sisi tuliokuwa tunajizuia tukaachia.

Mzee mwenye duka, ambaye Kiswahili chake cha pwani kilitufanya sote tujisikie tumevaa nguo za shambani, akasogea na kusema, "Bwana mkubwa, mimea imekwisha kuchipua. Kuing'oa ni dhambi, na tena ni kuwavunja moyo hawa kina mama. Subiri wavune." Baadaye niligundua kigingi cha kiwanja chake kilikuwa kimerudishwa karibu karibu na barabara zaidi ya mwanzo, kwa hiyo huruma yake haikuwa ya maharage peke yake.

Bwana mpima akakubali. Akahamishia kazi ziwani, upande wa Mbaha, na kila mwisho wa wiki alikuwa akipita kwetu kula, anakaa nje ya banda kivulini. Shangazi alikuwa anamwekea viazi, anamuuliza habari za mvua, halafu anamuuliza kama kijani bado ni kijani.

"Bado, mama. Si mimi peke yangu, ramani imeshapitishwa."

"Haya. Kunywa chai."

Siku moja shangazi alikwenda kisimani, nikabaki naye. Nikamuuliza kwa nini aliipenda hiyo bustani namna ile. Akazungusha kikombe. Akasema alikulia mjini, chumba kimoja, ndugu wengi, kelele mpaka usingizini. Lakini karibu na stesheni palikuwa na kiwanja kidogo cha majani na benchi. Alikuwa anakwenda kukaa pale baada ya shule. "Pale hakuna mtu aliyeniuliza natafuta nini," akasema. "Mahali pengine popote ukikaa, watu wanakuuliza unatafuta nini."

Maneno hayo yaliniingia. Ikawa taabu sasa. Nikilala namwona shangazi analifunga gunia lake kwa mafundo, nikigeuka upande wa pili namwona mtoto amekaa kwenye benchi. Nilitamani wote wawili wapate, na njia panda ilikuwa moja.

Maharage yakakomaa. Mavuno yalikuwa mazuri ajabu, wale mama wakampelekea bwana mpima gunia lake lililojaa, maana shamba kwa hesabu yao lilikuwa la kwake. Wakati wa kiangazi akaja na darubini yake ya miguu mitatu kuanza upya. Alikwenda kwenye kigingi cha soko akapima, akakuta soko limeingia kanisani. Akaenda kwenye cha shule, shule ilikuwa inateremka korongoni. "Karibu karibu" ya bibi ilikuwa imetembea.

"Vigingi vyote havifai," akasema. "Lakini haina neno. Tunayo ile nondo ya kwanza. Nikisimama kwenye nondo napata kila kitu." Akageuka. Sote tukageuka. Nondo ilikuwa ndani ya banda la shangazi.

Aliingia akiinama, na sisi nyuma yake. Hakuiona. Yale mafiga hayakuwepo tena. Badala yake palikuwa na jiko kubwa zuri la udongo, limekandikwa na kulainishwa, lina matundu mawili ya sufuria, na katikati ya matundu, kichwa cha nondo kilikuwa kimechomoza kidogo tu kama mtu aliyejifunika blanketi.

"Mama," akasema polepole, "nondo yangu umeitikisa?"

"Sijaigusa. Nimeikandika tu isiunguze watu."

Akapiga magoti kwenye majivu, akaishika kwa vidole viwili. Ilikuwa imara kama imeota mizizi. Akashusha pumzi.

"Vizuri. Sasa tutaondoa hili jiko taratibu..."

"Ondoa," akasema shangazi. "Ila limeshikana nayo. Ukivunja jiko, nondo inakuja nalo. Na nondo ikija, si na mji wako unakuja?"

Nje kuku alikuwa anaparua.

"Hili jiko ulilijenga lini, mama?"

"Ulipokwenda kutafuta saruji."

"Na kwa nini hapa hapa?"

"Moto ulikuwa hapa tangu zamani, baba. Chuma chako ndicho kilichonifuata."

Bwana mpima alikaa chini, pale pale kwenye majivu na suruali yake safi. Nilimwona anapiga hesabu usoni. Mwenyekiti, aliyekuwa amebaki mlangoni na gunia limemwangukia kichwani, akaanza kusema kwamba haiwezekani, bustani ya serikali haiwezi kuwa na jiko katikati, watasema nini mkoani.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Mimi mbele ya wakubwa huwa nasikika kama mbu. Lakini nilisema, "Shikamoo mwenyekiti. Hao watu watakaokuja kutazama majani, hawatasikia kiu?"

Mwenyekiti akasahau kuitikia. Bwana mpima akanitazama. Halafu kicheko kile kile cha ukingoni mwa shimo kikaanza kumjia tena, akanyoosha mkono nje ya banda akaomba ramani. Aliikunjua juu ya debe la unga. Katikati ya kijani akachora kisanduku kidogo, akakipaka rangi nyekundu ya biashara, na juu yake akaandika neno moja: Chai.

"Lakini si la nyasi," akasema mwenyekiti, ili naye awe amesema. "La tofali na bati."

Shangazi akalitazama jiko lake. Tofali alikuwa hana hata moja, na kila mtu alijua. Ndipo yule bibi jirani, aliyekuwa anachungulia kwenye tundu la ukuta, akasema kutoka nje, "Kiangazi chote hiki tuna kazi gani? Udongo si huu, na maji si yale?" Wakaalikana tena. Tofali zilifyatuliwa pale pale, kwenye udongo wa mashimo ya maharage. Bati zilikuwa kuukuu, baba alizitoa kwenye stoo yetu ya kahawa bila kusema kitu, na mama akasema ni sawa, amechoka kumruka mtu asubuhi. Fundi seremala wa kigango akatengeneza mlango. Na mlango ukawa na kufuli. Shangazi alilifunga na kulifungua mbele yetu mara nyingi mpaka bwana mpima akaomba chai kwa kupiga kelele. Safari hii alipata sukari mpaka kijiko kikasimama.

Bikoni zikawekwa. Mitaa ikachorwa. Maduka yakaanza kuota, moja la soda, moja la vipuri vya baiskeli, moja la kupiga picha lenye pazia lililochorwa ghorofa nyuma, ambapo nilipiga picha nikiwa nimesimama kana kwamba natoka ndani yake. Na bustani ikabaki, kijani, mviringo kuzunguka hoteli ya shangazi, majani mafupi kama ilivyoagizwa.

Hakuna aliyekaa. Watu waliingia kunywa chai, wakatoka. Wakipita kwenye majani waliharakisha, kama wanapita sebuleni kwa mtu. Siku yake ya mwisho, bwana mpima alikaa yeye mwenyewe, jioni, ili awaonyeshe. Hazikupita dakika nyingi yule bibi akaja.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, bibi. Nimepumzika."

"Umechoka na nini?"

Akaondoka, akarudi na bakuli la uji. Mwingine akaja na kuni kumwashia moto. Wa tatu akamuuliza anatafuta nini. Nilimwona anainuka, anajipangusa suruali, anashukuru. Asubuhi, wakati mzigo unapandishwa garini, aliitazama bustani yake, akaniambia, "Wataizoea tu." Alivyolisema, ilikuwa kama anajiambia mwenyewe. Gari likateremka kuelekea Mbinga.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, shangazi alifunga kufuli lake akaenda kusalimia ndugu. Njia panda palikuwa kimya, hata mashine ilikuwa imelala. Nilikuwa nimejiwekea chai kwenye kikombe cha bati. Nikatazama barabara ya Mbinga, hakuna mtu. Nikatazama ya ziwani, hakuna mtu. Nikavua kandambili, nikazipanga pembeni, nikaingia katikati ya majani na kukaa, miguu nimeinyoosha mbele kama mgeni.

Nikanywa chai. Majani hayakufanya kitu. Nikaendelea kuyatazama.